Mchele Ambao Haukuwepo

Ijumaa moja mwaka jana nilianguka kwenye sakafu ya baa fulani hapa Nairobi baada ya kunywa glasi mbili za wiski, na kwa sababu nilianguka, mwanamke ambaye hakuwa amenikosea chochote alilala seli.

Glasi mbili. Wanaonijua kutoka zamani wakisikia hivyo wanacheka, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa Trela. Nilikuwa na kilo 148, na sifa yangu mjini ilikuwa moja: pombe hainiwezi. Wenzangu wakishaanza kurudia hadithi zilezile, mimi nilikuwa bado nahesabu bili na kuwatafutia teksi. Mtu mnene hupewa kazi ya kuwa nguzo ya meza. Niliipokea kazi hiyo kwa moyo wote, maana kila mahali pengine unene wangu ulikuwa mzigo: kwa matatu, kwa duka la nguo, kwa daktari. Kwa baa pekee ndipo ulipokuwa kipaji.

Halafu sukari ikapanda, magoti yakakataa, nikachukua mkopo wa sacco nikafanyiwa upasuaji wa tumbo. Daktari anatenga kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, ukubwa wa yai hivi, kisha anakiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo. Tumbo lenyewe linabaki humo ndani, ila chakula hakilipitii tena. Unashiba kwa vijiko vichache. Baada ya mwaka mmoja na nusu nilikuwa na kilo 96.

Niliwaambia watu wawili tu, mke wangu na dada yangu. Wengine wote niliwaambia ni keto, na kutembea Karura asubuhi. Ukipunguza kilo hamsini kwa jasho unapigiwa makofi. Ukipunguza kwa kisu unaambiwa umeibia mtihani, na ukiwa mwanamume unaambiwa zaidi ya hapo. Nilitaka makofi. Jamaa mmoja wa ofisini alinunua mafuta ya nazi lita tano kwa sababu yangu, na kila Jumatatu alikuwa ananiuliza anakosea wapi. Nilimwambia aongeze maji.

Habari ya pombe niliambiwa kabla sijatoka hospitalini, tena kwa Kiswahili rahisi. Kwa mtu wa kawaida pombe hukaa tumboni kwanza. Inachanganyika na chakula, kiasi fulani kinavunjwavunjwa hapohapo, na inayobaki inateremka polepole. Kwangu haina mahali pa kusubiri. Inapitiliza hadi kwenye utumbo mdogo, na utumbo mdogo ndio unaoinyonya na kuitia kwenye damu. Baadaye nilijisomea mwenyewe. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, uliowapima wanawake waliofanyiwa upasuaji kama wangu: vinywaji viwili viliwapandishia pombe kwenye damu takriban kama vile vinne vingewapandishia wasiofanyiwa, na ilipanda kwa dakika chache tu. Kuna mwingine wa mwaka 2012, uliofuatilia watu 1,945. Kabla ya upasuaji, asilimia 7.6 yao walikuwa na tatizo la pombe. Mwaka wa kwanza hali haikubadilika sana. Mwaka wa pili ikafika asilimia 9.6. Yaani shida haiji mtu akiwa bado mwoga, akipima kila kijiko. Inakuja akishazoea mwili mpya na kurudi kwa watu wake.

Mimi nilikuwa kwenye mwaka wa pili.

Ile Ijumaa mwenzetu alikuwa amepandishwa cheo. Tulikuwa wanaume saba, mzinga katikati ya meza, nyama inakuja. Kwa miezi mingi nilikuwa nimekwepa kwa visingizio: niko kwa dawa, naendesha gari, kesho nina safari. Visingizio vina mwisho. "Wewe siku hizi umeokoka?" akaniuliza mmoja, ambaye nitamwita Wakili kwa kuwa ndiyo kazi yake. "Tuambie tu, tukutafutie Biblia." Meza ikacheka, nami nikacheka. Bia siwezi kwa sababu gesi inanijaa kifuani kama ngumi, kwa hivyo nikasogeza glasi, nikamiminiwa wiski. Hakuna aliyenishikia bunduki, nataka hilo lieleweke.

Dakika kumi baadaye masikio yalikuwa moto. Nilijua kabisa kinachotokea. Nikanywa ya pili ili wasione kwamba ya kwanza imenishika, na hadi leo sijapata namna ya kulieleza hilo likaonekana la mtu mwenye akili. Nikasimama niende msalani. Nakumbuka rangi ya vigae.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Wenzangu waliona kitu kisichowezekana: Trela, glasi mbili, chini. Na mji huu una maelezo yake tayari kwa jambo kama hilo. Mchele. Kama wewe si wa Nairobi, mchele ni dawa ya usingizi inayotiwa kwenye kinywaji cha mtu, azimike, asafishwe mifuko. Sasa nani alikuwa ameshika glasi yangu? Mhudumu. Nani alikuwa amecheka nami, akaniita bosi, akaniuliza kama nataka barafu? Mhudumu. Vitu vya kawaida kabisa vya mtu aliye kazini viligeuka ushahidi. Baunsa akaitwa, meneja akaitwa, polisi wakaja. Mmoja wetu akampiga picha kwa flashi, machozi na yote, na kabla sijaamka picha ilikuwa kwenye grupu letu la WhatsApp ikiwa na onyo: wasee, huyu ndiye, tahadharini.

Jumamosi saa nne asubuhi Wakili alinipigia simu. Nilikuwa nimekaa kitandani na kikombe cha chai, kichwa kizima, pombe yote imeshatoka. Akasema, "Tulimshika. Usijali, yuko ndani."

Nikasema, "Asanteni."

Nimelifikiria hilo neno kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kusema.

Aristotle ana mfano kwenye kitabu chake cha maadili ambao nilifundishwa chuo kikuu, nikaupitia mtihani, nikausahau. Anasema kwamba kiasi si hesabu ya katikati. Ikiwa mina kumi za chakula ni nyingi na mbili ni chache, mkufunzi wa wanamichezo hatampa kila mtu sita, kwa sababu sita zitakuwa chache kwa Milo, yule mpiga mieleka, na nyingi kwa anayeanza mazoezi. Kiasi ni chako, kwa mwili wako. Mimi nilikuwa Milo kwa miaka kumi na tano, kisha nikalala kwenye meza ya upasuaji, nikaamka nikiwa yule anayeanza. Ila niliendelea kukaa kwenye kiti cha Milo.

Matangazo ya pombe yanatuambia tunywe kwa kiasi, lakini meza ya baa haijui kiasi, inajua raundi. Raundi ni hesabu ya sawasawa: mkubwa, mdogo, mgonjwa, mzima, kila mmoja chupa yake mbele yake, na ukibaki nyuma chupa zinapanga foleni zikikuaibisha. Ni kipimo cha urafiki, si cha mwili. Polisi wa alkoblow barabarani ana haki zaidi kuliko rafiki zako. Sheria inasema maikrogramu 35 kwa kila mililita 100 za pumzi, na kile kifaa hakikuulizi umekunywa raundi ngapi wala ulikuwa unaitwa nani zamani.

Nilipokuwa mdogo, kwetu magharibi, niliona kunywa kwa aina nyingine. Wazee walikuwa wanakaa kuzunguka chungu cha busaa, kila mmoja na mrija wake mrefu, maji moto yanaongezwa, mazungumzo yanaendelea hadi ng'ombe warudi. Kulikuwa na mzee mmoja jirani ya babu ambaye tumbo lilikuwa linamsumbua. Alikuwa anakuja kila mara, anaweka mrija mdomoni, anakaa nao mchana kutwa. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kutumwa maji, nilikuwa karibu vya kutosha kuona kwamba koo lake halisogei. Hakuna aliyemuuliza. Chungu ni kimoja, hakionyeshi nani amevuta kiasi gani. Alikuwa mnywaji kama wengine kwa kuwa alikuwa amekaa pale na mrija.

Sitaki kuipamba zamani. Wazee haohao walikuwa wanarudi nyumbani wakapiga wake zao. Lakini nimejiuliza kwa nini mzee yule hakuhitaji uongo na mimi nikauhitaji. Nadhani ni kwa sababu chungu kilimficha bila yeye kusema neno. Chupa hainifichi. Kwa hivyo nilijificha kwa mdomo, na ukishaanza kujificha kwa mdomo lazima uendelee kusema.

Sasa, kuna hoja ambayo niliishikilia kwa wiki tatu na bado naiheshimu. Mwili wangu ni wangu. Hakuna mtu mezani mwenye haki ya kujua nimekatwa wapi. Mwanamke anayekataa pombe kwa sababu ana mimba changa halazimiki kuitangaza kwa wafanyakazi wenzake, na anayekunywa dawa za akili halazimiki kutaja majina ya vidonge. Tukikubali kwamba kila anayesema "sinywi leo" anadaiwa maelezo, tumewaweka uchi watu wengi. Kwa hivyo uongo wangu wa keto, ukiacha yule jamaa na mafuta yake ya nazi, ningeweza kuutetea mbele ya hakimu yeyote.

Lakini tangu saa nne ile ya Jumamosi siri yangu haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa imepangiwa nyumba kwa jina la mtu mwingine, na yeye ndiye aliyekuwa analipa kodi.

Niliijaribu pia hoja ya ulevi: nilikuwa nimezimika, sikumshtaki mimi. Hapo Aristotle ananisubiri tena. Anamtaja Pittacus, mtawala wa Mytilene, aliyeweka sheria kwamba atakayetenda kosa akiwa amelewa aadhibiwe zaidi kuliko aliyetenda akiwa mzima. Mlevi hawezi kujitetea kwamba hakujua, kwa kuwa kutojua kwake alikununua mwenyewe. Nilipoisoma tena niliona kwamba sheria ile hainifikii, na si kwa sababu nilikuwa na nafuu. Kosa langu kubwa sikulitenda nikiwa sakafuni. Nililitenda kitandani, na chai mkononi, bila tone la pombe.

Sikwenda kuandikisha taarifa polisi, nikajihesabia huo kuwa wema. Kwa kuwa hakukuwa na mlalamishi, walimwachilia Jumamosi jioni. Nikajiambia yameisha. Kisha siku moja tukiwa kwa chakula cha mchana Wakili akataja, kama kichekesho, kwamba yule dada wa mchele alifutwa kazi kesho yake tu. Watu wakacheka. Vijiko vyangu vitatu vya wali vikanikwama.

Nilirudi kwenye ile baa saa nane mchana, viti vikiwa juu ya meza. Meneja alinisikiliza hadi mwisho, akasema kazi yenyewe ilikuwa ya kibarua, na nafasi ilishajazwa. Namba hakunipa. Mhudumu mwingine ndiye aliyempigia kwa niaba yangu, akazungumza naye kando kwa muda mrefu, akarudi akaniambia atanipa dakika kumi, Gikomba, kwenye kibanda cha chai karibu na mahali anapomsaidia shangazi yake kuuza mitumba.

Nilimweleza yote. Upasuaji, kifuko, utumbo, glasi ya pili. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama fundi anayetoa sababu.

"Kwa hivyo ulikuwa umelewa tu."

"Ndiyo."

"Na glasi mbili."

"Ndiyo."

Akacheka, kicheko kifupi kisicho na nafasi yangu ndani yake. Akasema usiku ule seli ilikuwa na wanawake tisa na ndoo moja. Akasema mtoto wake wa miaka minne alilala kwa jirani ambaye hawakuwa wanaelewana. Hakulia, wala hakusema amenisamehe, na nilishukuru kwamba hakusema. Nilikuwa nimebeba bahasha. Aliifungua, akahesabu pesa mbele yangu noti kwa noti, akaziweka kwa mkoba.

"Bosi, hii ni ya mshahara," akasema. "Na ile picha je?"

Picha ilikuwa imemfikia binamu yake kabla yeye hajatoka seli. Ilikuwa imeingia grupu la wahudumu wa baa, ambamo watu hutafutiana kazi. Alikuwa ameomba kazi mahali pawili na pote pawili walimtambua.

Usiku huo niliandika ujumbe wa grupu mara nne. Wa kwanza ulikuwa mfupi: wasee, ile siku nilikuwa mgonjwa tu, haikuwa mchele, mwacheni yule dada. Ulikuwa kweli, kila neno. Mke wangu akausoma, akauliza, "Wakikuuliza umejuaje?" Hapo ndipo nilipoelewa nilivyojifunga. Hakuna ugonjwa mwingine wenye kueleza jinsi Trela anavyozimika kwa glasi mbili na kuamka mzima asubuhi bila hata kwenda hospitali. Nilitafuta kwa bidii, naungama. Ukweli unaomsafisha ni uleule unaoniweka mimi wazi, na hakuna toleo la bei nafuu. Ningetoa nusu, wangesema nina moyo mzuri, namhurumia mwizi.

Nikaandika lote. Saa tano na dakika ishirini nikatuma, nikazima simu kama mtoto.

Asubuhi jibu la kwanza lilikuwa la yule jamaa wa ofisini. "Kwa hivyo mafuta ya nazi?" Basi. Hatujazungumza vizuri tangu siku hiyo, na yeye ndiye mtu ambaye sikuwa nimemfikiria kabisa. Miezi minane alijiona mvivu kwa sababu yangu. Wengine waliandika pole, mmoja akatuma emoji ya kisu. Wakili alikaa siku tatu, kisha akafuta picha yake, akaniambia faraghani, "Hatukujua." Ni kweli hawakujua. Ila wanaume saba kwenye meza, tukimtafuta mwenye kosa, tulimpata upesi sana, na alikuwa yule pekee aliyekuwa amesimama.

Naulizwa kama bado nakunywa. Desemba, kwa harusi ya binamu, nilikunywa nusu glasi ya divai, nimekaa, nimeshakula, funguo za gari ziko kwa mke wangu. Nilisikia masikio yakipata moto nikaiweka chini. Siku nyingine nakunywa maji na limau, na wakinitania nawaambia tumbo langu ni la laki kadhaa, wasilichezee. Kuna Ijumaa ambazo sitamani kabisa, na kuna Ijumaa ambazo natamani kiasi cha kuniogopesha. Hizo nakaa nyumbani.

Yule dada alipata kazi kwenye hoteli moja nje ya mji, bila msaada wangu. Najua kwa sababu nilimpigia mara moja, akanijibu kwa adabu, akaniomba nisipige tena.

Mwezi uliopita shangazi yangu wa Kakamega, ambaye hajawahi kuingia baa maishani mwake, alinitumia picha kwenye WhatsApp. Juu yake palikuwa na ile alama ya mishale miwili: imesambazwa mara nyingi. Ilikuwa yeye, flashi usoni, macho yamevimba, na chini yake onyo refu lililoongezewa mambo ambayo hata Wakili hakuwahi kuyasema, kwamba ameua watu wawili Mombasa. Shangazi alikuwa ameandika: "Mwanangu, huko Nairobi jichunge na wasichana kama hawa."

Nikampigia. Akaanza kuniuliza habari za watoto, nikamwambia shangazi, kaa kwanza. Ilibidi nianzie kwenye tumbo.